Kipya Kinyemi

Katikati ya mwaka 2008 kampuni ya Microsoft ilifanya jambo ambalo nikilikumbuka hucheka, kisha hukasirika kidogo. Ilikuwa imetoa mfumo endeshi mpya wa kompyuta, Windows Vista, mwezi Januari wa mwaka uliotangulia, na mfumo huo ulikuwa umechukiwa. Wapo waliouchukia bila hata kuugusa. Kampuni ikawakusanya watu waliosema waziwazi kwamba hawaitaki Vista, ikawakalisha mbele ya kompyuta na kuwaonyesha mfumo mwingine, mpya kabisa, ulioitwa Mojave. Wakavutiwa. Wakasifu sura yake, wakasifu wepesi wake, wakasema hicho ndicho walichokuwa wakikingoja. Ndipo wakaambiwa kwamba walichokuwa wakikisifu ni Vista ileile. Kamera zilikuwa zikizirekodi nyuso zao muda wote, na mshangao wao ukageuzwa tangazo la biashara.

Kampuni ilitaka tuondoke na neno moja: tatizo limo vichwani mwenu. Wahenga wetu walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, wakiwaonya wanaokimbilia vitu kwa kuwa ni vipya. Hapa mambo yaligeuka. Kipya kilikosa unyemi mpaka kilipobadilishiwa jina.

Nimelifikiria jaribio lile kuliko linavyostahili, kwa sababu lina nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli ni ngumu kuijibu. Ni kweli binadamu hukataa vitu kwa uvumi. Lakini watu wale walionyeshwa kompyuta iliyoandaliwa na kampuni yenyewe, yenye memori ya kutosha, huku mtu anayejua kuuza akiwaongoza hatua kwa hatua. Hakuna aliyeambiwa aende nayo nyumbani, achomeke printa yake ya zamani, afungue programu yake ya mahesabu, akae nayo mwezi mzima ndipo arudi aseme ameonaje. Jaribio lilipima macho. Malalamiko ya watu hayakuwa ya macho.

Kwa hiyo mtu akiniambia mfumo mpya ni mbaya, siku hizi sijibu mpaka nijue analia na nini. Yupo anayelia kwa sababu mkono wake umepotea njia: alichokuwa akikikuta kushoto kimehamia kulia, na jina kimebadilishiwa. Yupo anayelia kwa sababu kompyuta yake haiwezi kuubeba mfumo huo, na fedha ya kununua nyingine hana. Wa kwanza atazoea. Wa pili hata umpe semina ya wiki nzima, hutamsaidia kitu. Hotuba nyingi za wakuu wa ofisi siku ya kuzindua mfumo mpya huwachanganya hawa wawili na kuwapa jina moja: waoga wa mabadiliko.

Ili kuuelewa ugomvi wa wakati ule inabidi kumrudia mzee aliyekuwa akitetewa, Windows XP. Ilitoka tarehe 25 Oktoba 2001. Kwa sisi wengi wa Afrika Mashariki tulioanza kushika kompyuta kwenye intaneti kafe, XP haikuwa mfumo mmoja kati ya mingi. Ndiyo ilikuwa kompyuta yenyewe. Unalipia nusu saa, unakaa mbele ya monita ya chogo, na wakati ukurasa wako unajivuta kufunguka unabaki kukitazama kile kilima cha kijani chini ya anga la bluu. Picha ile ilipigwa na Charles O'Rear mwaka 1996, katika Kaunti ya Sonoma, California. Sisi hatukulijua hilo, na kila mmoja alikuwa na mahali pake pa kukiweka kilima. Nilimsikia mtu akiapa kwamba ni Njombe, tena akataja na kijiji.

Tunachosahau ni kwamba XP nayo ilipokewa kwa mguno. Waliozoea Windows 98 na Windows 2000 waliziona rangi zake kuwa ni za midoli ya watoto. Utaratibu wa kuithibitisha kwa kampuni baada ya kuiweka ulionekana ni upelelezi. Na usalama wake mwanzoni ulikuwa wa kuhuzunisha. Mwezi Agosti 2003 kirusi kilichoitwa Blaster kilienea duniani, na kompyuta zikawa zinatangaza zenyewe kwamba zinajizima, na kuanza kuhesabu sekunde mbele ya macho ya mwenyewe. Ni baada ya furushi kubwa la marekebisho la Agosti 2004 ndipo XP ikaanza kuwashiwa ukuta wake wa kinga tangu mwanzo bila mtumiaji kuutafuta. XP tuliyoililia haikuwa ile iliyozaliwa 2001. Ilikuwa ile iliyokwisha kuugua, ikatibiwa, ikapona, na ugonjwa wake wote tukausahau.

Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Methali hiyo haimsafishi zimwi. Inasifu kujuana tu. Mtumiaji wa XP aliyajua maovu yake yote. Alijua ikiganda abonyeze vitufe gani vitatu. Alijua flashi ikitoka kwa rafiki itakuja na kirusi kinachoficha mafolda na kuacha vivuli vyake, na alijua kijana gani pale kafe anaweza kuyarudisha. Huo ulikuwa ujuzi halali, uliopatikana kwa jasho, na siku mfumo mpya unapoingia ndio wa kwanza kufutwa.

Vista, basi. Kazi ya kuitengeneza, kwa jina la ndani Longhorn, ilianza mwaka 2001, na matarajio yalikuwa kwamba ingetoka upesi. Kufikia mwaka 2004 mambo yalikuwa yamevurugika kiasi kwamba wahandisi walilazimika kuacha sehemu kubwa ya walichojenga na kuanza tena juu ya msingi mwingine. Ilipofika madukani tarehe 30 Januari 2007 ilikuwa imepita zaidi ya miaka mitano tangu XP, na katika kompyuta miaka mitano ni umri wa mtu. XP iliomba memori ya megabaiti 64 kwa uchache. Vista iliomba 512 ili isimame tu, na gigabaiti 1 ili ivae mapambo yake, yale madirisha yanayong'aa kama kioo ambayo ndiyo yaliyojaa kwenye matangazo.

Hapo ndipo stika zinapoingia. Miezi kadhaa kabla ya uzinduzi, kompyuta zilizokuwa zikiuzwa na XP zilibandikwa alama ya kusema kwamba zina uwezo wa kupokea Vista. Nyingi ziliweza kupokea toleo la chini kabisa, lisilokuwa na mapambo hayo. Wanunuzi wakafungua kesi Marekani mwaka 2007, na mwaka uliofuata barua pepe za ndani za kampuni zikawekwa hadharani. Humo mmoja wa wakuu wa Microsoft, Mike Nash, aliandika kwa uchungu kwamba alinunua kompyuta ya dola 2,100 na sasa inamfaa kwa barua pepe tu. Kesi yenyewe haikufika mbali. Mwaka 2009 hakimu aliwazuia walalamikaji kuendelea nayo kama kundi. Lakini barua zilikuwa zimekwisha kusomwa. Kumbe hata jikoni kwenyewe walikuwa wakilalamika yaleyale yaliyoitwa uoga wa mabadiliko.

Kulikuwa pia na lile dirisha la kuomba ruhusa. Unataka kubadili saa ya kompyuta: skrini inafifia, unaulizwa, unaruhusu? Unaruhusu. Unataka kuweka programu: unaruhusu? Watu wakafika mahali pa kubonyeza ndiyo bila kusoma, jambo ambalo ndilo hasa mwizi analolitaka. Mwezi Aprili 2008, kwenye mkutano wa usalama wa kompyuta mjini San Francisco, David Cross, aliyehusika na kipengele hicho pale Microsoft, alisema kwamba dirisha lile lilibuniwa kwa makusudi liwaudhi watumiaji.

Hakuwa akitania, na sababu yake ilikuwa nzito. Kwenye XP karibu kila mtu alitumia kompyuta akiwa na mamlaka yote, na watengenezaji wa programu wakazoea kuyategemea mamlaka hayo. Mchezo wa karata ulikuwa na uwezo wa kugusa kiini cha mfumo, na mlango uliopitwa na mchezo wa karata ukapitwa na kirusi vilevile. Kampuni isingeweza kwenda kumgongea kila mtengenezaji wa programu duniani ikimsihi aandike upya kazi yake. Ikawaudhi wateja wa watengenezaji hao, ili wateja wawe ndio wanaopiga kelele. Mbinu ilifaulu, programu zilizohitaji mamlaka makubwa bila sababu zikapungua, na usalama tulionao leo kwenye kompyuta zetu sehemu yake ulianzia kwenye karaha ile.

Kati ya yote yaliyoipata Vista, hili ndilo lililonikaa moyoni. Sina ugomvi na lengo. Ila yule aliyeudhiwa hakuulizwa, wala hakuambiwa kwamba yeye ni fimbo ya kumchapia mtu mwingine. Alibaki mezani kwake akidhani hajui kompyuta. Nimeyaona hayo mahali pengi pasipo na kompyuta: ofisi inabadili utaratibu ili kumbana mtumishi mmoja mvivu, na anayepanga foleni mara tatu ni mwananchi. Mabadiliko yana faida, nakubali. Lakini ukimwona mtu anasifu faida zake, angalia kama yumo kwenye foleni.

Printa sizungumzii sana, maana kila mtu anayo hadithi yake. Itoshe kusema kwamba Vista ilibadili namna vifaa vinavyozungumza na mfumo, na vifaa vingi vilihitaji draiva mpya. Mtengenezaji wa printa aliyekwisha kukuuzia mashine yako hana haraka ya kuandika draiva ya mashine ambayo haimletei tena senti. Printa nzima, yenye wino, isiyo na mkwaruzo, inakuwa taka bila kuharibika.

Tarehe 22 Oktoba 2009 ikatoka Windows 7, na dunia ikashusha pumzi. Iliwaka upesi, ilisumbua kidogo, printa zikakubali. Watu wakasema Microsoft imejifunza kwa kuachana na Vista. Sasa ukiuuliza mfumo huo namba yake ya ndani, ile ambayo wahandisi wanaitumia, hausemi 7. Unasema 6.1. Vista ilikuwa 6.0. Hakuna aliyeachana na kitu. Windows 7 ni Vista iliyopunguzwa uzito na kurekebishwa, ikaja wakati watengenezaji wa printa wamekwisha kuandika draiva zao na bei ya memori imeshuka. Aliyenunua Vista mwaka 2007 ndiye aliyeilipia Windows 7: kwa saa zake, kwa kinyongo chake, kwa printa yake iliyotupwa. Aliyekuja kuifaidi ni yule aliyesubiri.

Na sisi huku tulikuwa wasubiri wakubwa. Si kwa hekima. Kompyuta nyingi zilizotufikia zilikuwa za mtumba, zilizokwisha kutumika kwenye ofisi za Ulaya au kupita Dubai, na mashine ya aina hiyo huja na uwezo wa miaka iliyopita. Unampelekea fundi akupigie Windows, yeye anaangalia memori, anatikisa kichwa, anapiga XP. Umaskini ukatufanya tuonekane watu wenye busara. Wenzetu wenye fedha walikuwa wakipigana na madirisha ya ruhusa, sisi tunakitazama kilima chetu cha kijani kwa amani. Najua wapo wanaoona aibu kwa habari hii, kwamba tumekuwa jalala la mashine za wengine, na katika mengi nawaunga mkono. Lakini kuchelewa nako kuna nafuu yake, na nafuu hiyo hatujaisema kwa sauti: mwenye kuchelewa hupokea kitu ambacho makosa yake yamelipiwa na mwingine.

Mpaka siku deni linapobisha hodi. Tarehe 8 Aprili 2014 Microsoft iliacha kuirekebisha XP. Kompyuta hazikuzimika siku hiyo, na hapo ndipo penye mtego, kwa kuwa mtu aliamka tarehe 9 akaiwasha mashine yake, ikawaka, akasema maneno ya wazungu hayo. Ijumaa ya tarehe 12 Mei 2017 kirusi cha WannaCry kikaanza kufunga mafaili ya watu na kudai fidia. Kilipita kwenye tundu ambalo dawa yake ilikuwa imetolewa tangu Machi kwa mifumo iliyokuwa bado inahudumiwa. Hospitali za umma Uingereza ziliahirisha miadi ya wagonjwa. Hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba Microsoft ilivunja kanuni yake na kutoa dawa hata kwa XP, miaka mitatu baada ya kuiaga. Ikumbukwe kwamba wengi walioumia hawakuwa na XP. Walikuwa na Windows 7 ambayo dawa ilikuwepo, ila hawakuiweka.

Kwetu kutoweka masasisho kuna mizizi miwili ambayo wataalamu wa ng'ambo hawaioni wanapotuhubiria: bando na kraki. Ilipokuja Windows 10, tarehe 29 Julai 2015, mfumo ukaanza kujisasisha wenyewe kwa watumiaji wa nyumbani bila kusubiri ridhaa ndefu. Kwa mtu mwenye intaneti ya waya isiyopimwa, hilo ni jambo jema. Kwa mwanafunzi aliyeunganisha kompyuta na simu yake, akiwa na bando la wiki, ni mtu kuingia jikoni kwake usiku na kumaliza unga. Anaamka, bando limekwisha, na kazi ya chuo haijatumwa. Kraki nayo ina adabu yake. Fundi aliyekupigia Windows isiyolipiwa huzima masasisho palepale, asije akaonekana, na hivyo mwenye kompyuta anakaa miaka bila dawa hata moja, akiamini kwamba kompyuta yake haina shida kwa sababu haimsumbui. Nikisikia mtu analaumiwa kwa kutosasisha, huuliza kwanza nani analipia hizo gigabaiti.

Mtaani kwetu yupo mama mwenye steshenari karibu na shule ya msingi, na katika suala hili namwona ana akili kuliko wengi walioandika vitabu. Ana kompyuta mbili. Moja ni ya kisasa, imeunganishwa na intaneti. Humo vijana wanaomba ajira, wazee wanatoa nakala za vitambulisho, wafanyabiashara wanatuma ritani za kodi. Nyingine iko pembeni, imefunikwa kitambaa dhidi ya vumbi, na ina XP. Haijaunganishwa na kitu chochote duniani isipokuwa mashine ya kukatia stika, zile herufi za kubandika kwenye bajaji na milango ya maduka. Programu ya mashine hiyo haikubali mfumo mwingine.

"Mama, hii mbona huiuzi?" nilimuuliza siku moja.

"Mwalimu, hii ikifa na mashine ya stika imekufa. Na stika ndizo zinazosomesha watoto."

"Virusi je?"

"Flashi yake ni moja, na inakwenda kwa huyu tu. Kijana akinichomekea nyingine nafukuza."

Hakuna mahali alipofundishwa hayo. Hana mapenzi na XP wala hana hasira na kipya. Amejua kila mashine inamfanyia nini, akaitenga ile dhaifu mbali na hatari. Wakubwa wa teknolojia wana jina refu la mbinu hiyo na wanalipwa kwa kulitamka.

Nimesema aliyepotewa na mkono wake atazoea, na hilo ni kweli kwa wengi. Lakini sitaki kumpita mtu huyo upesi, maana maumivu yake nayo huwa hayatajwi kwa jina. Mwezi Oktoba 2012 Windows 8 ilipotoka, kitufe cha Anza kilichokaa kwenye kona ya chini kushoto tangu mwaka 1995 kikaondolewa. Badala yake likawekwa pazia la vigae vya rangi, vilivyobuniwa kwa watu wa kugusa skrini kwa kidole, wakati kompyuta nyingi duniani hazikuwa na skrini ya kuguswa. Mwaka mmoja baadaye kitufe kikarudishwa kwa aibu, na menyu yenyewe ikarudi kamili kwenye Windows 10. Ukisimulia habari hii kwa mtu asiyetumia kompyuta atacheka: dunia nzima kugombania kitufe kimoja?

Ofisini nilikowahi kufanya kazi kulikuwa na katibu muhtasi wa miaka mingi. Alikuwa akichapa barua huku anazungumza na mgeni, haangalii vidole. Mtu akikwama na waraka anakwenda kwake, hata mkurugenzi. Mfumo ulipobadilishwa, sikumbuki tena ulikuwa upi, akawa anasimama nyuma ya kijana aliyekuja kwa mafunzo ya vitendo. Kijana alikuwa na adabu zote. "Mama, shikamoo. Naomba nisogee hapo kidogo." Mama anaitikia marahaba, anainuka kwenye kiti chake, na kijana anabonyeza mara mbili tatu kwa kasi ambayo hakuna anayeweza kujifunza chochote. Shikamoo ilikuwa palepale, lakini daraja lilikuwa limehama.

Katika kazi za mikono tulizorithi, mtu alizidi kuwa fundi kadiri alivyozeeka. Mjenzi wa majahazi wa miaka sitini hakuamka asubuhi moja akakuta randa inasukumwa upande mwingine. Kompyuta imeleta aina ya kazi ambayo ukongwe wako unaweza kufutwa usiku mmoja na watu usiowajua, kwa sababu ambazo hukuelezwa, na asubuhi unatakiwa uoneshe furaha. Yule mama alijifunza, tena upesi. Hakuwahi tena kuchapa huku anazungumza.

Nguvu ya mkono uliozoea ni kubwa hata kuliko lugha ya mama. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Ilikuwa kazi ya heshima. Lakini nimewaona Waswahili wa kuzaliwa, wasiojua Kiingereza cha kuombea maji, wakiwekewa kompyuta yenye menyu za Kiswahili wakaomba irudishwe ilivyokuwa. Hawasomi yale maneno ya Kiingereza. Wanakumbuka mahali yalipo. Yeyote anayedhani kwamba watu hukataa kipya kwa kutokielewa, huo ni mfano wa kumfikirisha, kwani hapo walikataa cha kueleweka wakashika cha kukariri, na kwa kazi waliyokuwa nayo asubuhi ile hawakukosea.

Sasa tumefika tena kwenye njia panda. Windows 11 ilitoka tarehe 5 Oktoba 2021, ikiwa na masharti ambayo hayakuishia kwenye memori ya gigabaiti 4 na nafasi ya gigabaiti 64. Inataka kompyuta iwe na kijenzi cha usalama kiitwacho TPM cha toleo la 2.0, na prosesa iwe kwenye orodha iliyoidhinishwa. Kwa zile za Intel, kwa kiasi kikubwa ni kuanzia kizazi cha nane. Kompyuta ya mwaka 2016, nzima, yenye kasi, inakataliwa mlangoni. Na tarehe 14 Oktoba 2025 huduma ya kawaida ya Windows 10 ilifikia mwisho, ukiacha mwaka mmoja wa ziada wa marekebisho ya usalama uliotolewa kwa watumiaji wa nyumbani watakaojiandikisha. Sababu za kiusalama zipo, kama zilivyokuwepo wakati wa lile dirisha la ruhusa. Ila mashine zilizokataliwa hazitayeyuka. Sitashangaa nyingi zikija kukaa kwenye meza za Kariakoo na za Luthuli Avenue, Nairobi, zikisubiri mtu mwenye fedha ndogo.

Majuzi nilimsindikiza mpwa wangu anayeanza chuo, tukafika kwa fundi mmoja anayeuza na kutengeneza. Kijana akachagua kompyuta mpakato safi, kioo hakina mkwaruzo, bei inaingia mfukoni mwake.

"Inakubali Kumi na Moja?" nikauliza.

"Inakubali, mzee wangu. Ile cheki ya mwanzo nairuka."

"Ukishairuka, masasisho yatakuja?"

Fundi alikuwa mkweli, na nilimheshimu kwa hilo. Alisema kwa sasa yanakuja, ila mbele ya safari hawezi kuapa. Alisema pia anaweza kutuwekea Linux, bure, na itapaa, lakini chuo kikidai programu fulani tusirudi kumlaumu. Mpwa wangu akaniangalia. "Mjomba, kwani hiyo cheki inacheki nini?" Nikamweleza kadiri nilivyoweza, habari za kijenzi na za vizazi vya prosesa, naye akasikiliza kwa heshima huku mkono wake uko juu ya mashine aliyokwisha kuipenda.

Nikamwomba fundi atuonyeshe moja inayokubali bila kurukwa. Akaingia stoo, akatoka nayo: kuukuu zaidi kwa sura, kona moja imebonyea. Bei yake ilikuwa karibu mara mbili.